Shamba Safi la Mama Sifa

Wiki iliyopita mlipokuja kunitembelea hapa Mushaki, ninyi vijana mnaoanza kazi yangu ya zamani, nilisimama kuwasalimu. Mlicheka, mkasema, "Papa Deo, bado uko na nguvu!" Mlipoondoka nililala mpaka kesho yake jioni. Mke wangu alinikanda magoti kwa maji ya moto huku akinigombeza kama mtoto aliyepanda mti. Sasa niambieni: kama mngekuwa mmekuja kupima ulemavu wangu, mngeandika nini? Mngeandika kwamba mzee alisimama mwenyewe bila msaada. Mngekuwa mmeandika kweli tupu, na kweli hiyo ingeninyima chakula.

Mliniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa, ndiyo maana nimewaita tena. Nitawaeleza, ila kama mlitaka maneno ya kuwatia moyo mngekwenda kwa padri. Mimi nilikuwa msindikizaji. Niliwatembelea walemavu wa Masisi na Walikale, nikawasaidia kukusanya ushahidi kwamba kweli ni walemavu, ili wapimaji kutoka Goma wakija wawakubali kupata msaada wa kila mwezi. Miradi ilibadilika majina, wakubwa wakabadilika, hata magari yakabadilika rangi. Swali halikubadilika: ushahidi uko wapi? Mtu ametambaa mbele yao kwa mikono, na bado wanauliza ushahidi uko wapi.

Tuanze na karatasi, kwa sababu najua ndizo mnazofundishwa kwanza. Huku kwetu karatasi haikai. Mtu anayekimbia vita hubeba mtoto, sufuria na, Mungu akimpenda, mbuzi. Sijamwona hata mmoja aliyekimbia na barua ya daktari. Na karatasi zikinusurika vita, hazinusuriki mvua, na zikinusurika mvua kuna panya.

Palikuwa na mzee mmoja mfugaji, juu kule Masisi, ambaye fahali alimkanyaga nyonga. Yeye nilimshangilia, maana alisema hospitali walimpiga picha ya mifupa na picha anayo. Nikamwomba anionyeshe.

"Iko pale kwa dirisha," akasema.

Nikatazama. Kweli, ilikuwa dirishani, imepigiliwa misumari pembe zote, ikiingiza mwanga katika chumba cha wajukuu. Kioo ni ghali, na picha ya mifupa haivunjiki. Tuliing'oa kwa adabu zote, wajukuu wakilia kwamba chumba chao kimekuwa giza. Wapimaji walipoiinua juu, jua lilikuwa limekwisha kula mifupa yote. Lililobaki ni ukungu kama wa asubuhi ya Mushaki. Mzee akakataliwa. Mpaka anakufa, kila tulipokutana sokoni aliniuliza dirisha lake litarudi lini. Nacheka nikikumbuka, halafu nakumbuka alivyokuwa akishuka ule mlima kwa makalio kwenda kununua chumvi, na kicheko kinakatika.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Adolphine, muuguzi mkongwe, mnene, mkali, aliyekuwa na kawaida ya kuwaambia wakubwa wake "mwanangu" wakaogopa. Siku ya kwanza aliniona namwuliza mama mmoja kama anaweza kuchota maji. Mama akajibu anaweza. Mimi nikaandika anaweza. Mama Adolphine akaninyang'anya kalamu.

"We Deo, unauliza kama polisi. Kila muntu atakuambia anaweza, ju njaa inamufundisha kuweza. Uliza hivi: ukisha kuchota, kesho yake unakuwaka namna gani?"

Nikauliza hivyo. Yule mama akacheka, akasema kesho yake hatoki kitandani, jirani ndiye anayemlishia watoto. Kweli hiyo ilikuwa imekaa pale pale, imesubiri swali lake.

Kwa hiyo shikeni hili. Msiulize mtu kama anaweza. Ulizeni baada ya kuweza inakuwaje. Msitazame uso, kwa sababu uso wa mtu aliyepokea mgeni umekwisha tengenezwa. Tazameni viganja na magoti: anayetambaa ana ngozi ngumu pale ambapo sisi tuna ngozi laini. Tazameni dumu, ile bidoni ya maji iliyo karibu na mlango. Ikiwa ni ile ndogo ya mafuta, ulizeni kubwa huchotwa na nani. Tazameni njia ya kwenda chooni, kama ni ya nyayo za mtu au ni ya kitu kilichokokotwa. Na ombeni maji ya kunywa, halafu mwone nani anainuka.

Lakini Mama Adolphine mwenyewe alisema kuna ugonjwa mmoja ambao hakuupatia dawa, nao ni aibu. Huku kwetu mtu hajitangazi udhaifu. Mgeni akikuuliza habari, habari ni nzuri, hata kama umemzika mtu jana. Tena wako watu wa maombi. Nilikuwa na kijana aliyepooza upande mmoja, ushahidi umekamilika, barua ya daktari imepigwa muhuri, hata chifu amesema. Mpimaji akamwuliza, "Kaka, uko na shida gani?" Kijana akainua mkono wake mmoja ulio mzima, akajibu kwa sauti kubwa, "Mi siko na shida. Nilisha pona kwa jina ya Yesu!" Pale kanisani kwake kusema "siwezi" ni kumpa shetani funguo za nyumba. Akaimba na pambio. Mpimaji, ambaye naye alikuwa mtu wa maombi, akasema amina na akaandika kwamba amepona.

Siku hizi wapimaji wana tableti, na majibu yamo ndani tayari: hakuna shida, shida kidogo, shida nyingi, hawezi kabisa. Unabonyeza moja. Nawaambia, neno "kidogo" limewaua watu wangu wengi kuliko malaria. Mama asiye na miguu anaulizwa kuhusu kutembea, anasema shida kidogo. Kwa nini kidogo? Kwa sababu dada yake amekufa, na jirani yake hajulikani alipo. Sisi watu wa huku hupima shida zetu kwa kuziweka kando ya za wafu, na ukilinganishwa na mfu, daima unaonekana mzima. Tableti haina mahali pa kuandika hilo. Niliitafuta sana sehemu hiyo, na niliwaambia wakubwa, wakaniahidi kuliangalia. Naamini bado wanaliangalia.

Sasa nije kwa Mama Sifa wa Buleusa, maana ndiye aliyenifanya niwaite mketi.

Mama Sifa alikuwa mkulima, na mbeba mizigo wakati wa shida. Siku moja watu wakikimbia, alikuwa na bidoni ya mawese mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu, akateleza kwenye gogo la kuvukia mto. Bidoni ilimwangukia kiunoni. Tangu hapo miguu yake ilikuwa yake kwa jina tu. Mume alikwenda machimboni akapotelea huko. Akabaki na binti mmoja, Riziki.

Nilipomkuta mara ya kwanza, Riziki alikuwa akimtoa chooni, amemfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Binti alikuwa mwembamba, mama ana mifupa mikubwa, na vidole vya miguu ya mama vilikuwa vikiburura matopeni. Riziki alikuwa ameacha shule akiwa anakaribia kumaliza msingi. Mwalimu wake aliniambia ndiye aliyekuwa akiwasahihishia wenzake hesabu.

Mama Sifa aliniambia wazi anachotaka. "Papa Deo, mi siombi kutembea. Mungu alikatala, nilisikia. Naomba tu ile musaada ya kila mwezi, nilipe muntu wa kunibeba na kunichotea maji. Mutoto arudie masomo. Mugongo yake itavunjika kama yangu."

Ndilo lililokuwa mezani, vijana, wala hakuna jingine. Mama akikubaliwa, Riziki anarudi darasani. Akikataliwa, Riziki ni miguu ya mama yake mpaka mmoja wao afe.

Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Nilipanda pikipiki kwenda na kurudi mara nyingi mpaka dereva akaanza kuniita shemeji. Barua ya muuguzi wa kituo cha afya nilipata. Ushahidi wa katekista nilipata, wa mwalimu nilipata. Halafu nikamfundisha Mama Sifa kama Mama Adolphine alivyonifundisha mimi. Nikamwambia: siku hiyo usijikaze. Usivae ya Jumapili. Ukiumwa, useme unaumwa. Wakute nyumba ilivyo, wakute shamba lilivyo, maana shamba lako lenyewe ndilo shahidi mkubwa: majani yamefika kiunoni, mtu yeyote akilitazama ataelewa mwenye shamba hawezi kulima.

Akanielewa. Akasema, "Kama ni kusema mubaya yangu mbele ya batu, nitasema, ju ya mutoto."

Mnajua ni kazi gani mwanamke wa kule kusema hivyo? Nilirudi Masisi nikiwa na matumaini, na mimi si mtu wa matumaini.

Kosa langu ni kufikiri kwamba Mama Sifa anaishi peke yake. Habari ya wageni kutoka Goma haikai nyumba moja. Ilimfikia Mama Bernadette, kiongozi wa akina mama wa kijiji, mwanamke mwema kupita wote niliowajua. Akawaita wenzake. Wageni wanakuja Buleusa, na watamkuta mwenzetu katika majani na uchafu? Watasema sisi ni watu gani? Wakaja na majembe, akina mama kwa wanaume, wakalima shamba lote mpaka mpakani, wakaimba. Wakasiriba nyumba upya na kuipaka udongo mweupe. Wakajaza maji kila chombo chenye mdomo. Wakachinja kuku. Wakamwogesha Mama Sifa, wakamvika kitenge cha Mama Bernadette mwenyewe, kile cha harusi. Na kwa kuwa hawezi kukaa wima, wakamketisha kwenye kiti cha katekista na kumfunga kiunoni kwa kamba ya kitambaa, chini ya nguo, isionekane. Apokee wageni kama mtu.

Nilifika pamoja na wapimaji, nikaona nyumba inang'aa. Nikaona shamba. Nikatafuta jani lililobaki hata moja, sikuliona.

Sheria ilikuwa kwamba msindikizaji hasemi wakati wa maswali. Anasimama nje, asije akamwekea mtu maneno mdomoni. Nikasimama mlangoni nikitafuna mdomo. Mpimaji alikuwa binti mpole, msomi, mwenye heshima. Alimsalimu Mama Sifa kwa mikono miwili. Mama Sifa akanitazama kupitia juu ya bega la yule binti, na nikaona macho yake yanauliza nifanye nini sasa. Kuku wa watu alikuwa tayari mezani.

Mpimaji akauliza, "Mama, ile shamba ya hapo inje iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Nani anailimaka?"

Akina mama walikuwa wamejaa ukutani, mikono ina vidonda vibichi vya mpini. Mama Sifa alifungua mdomo. Nawaapia, aliufungua, na najua alitaka kusema. Mama Bernadette akamtangulia.

"Njo ye mwenyewe anailima," akasema. "Mama Sifa hana uvivu."

Msimhukumu. Kwetu, ukimlimia aliyeanguka halafu ukalitaja mbele ya wageni, umemlima yeye. Anayesaidia hunyamaza, na akiulizwa hukana. Ndivyo mama zao walivyowalea. Na Mama Sifa naye angesema nini? Awaumbue waliomwogesha asubuhi ile, mbele ya wageni, na chakula chao kiko mezani? Akainamisha kichwa, akasema, "Nalima kidogo kidogo."

Mpimaji akabonyeza.

Nilimkimbilia wakati anapanda gari. Nikamweleza yote: majembe, udongo mweupe, kamba chini ya kitenge. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona imemuuma.

"Papa, mi naandika yenye nimeona na yenye nimesikia," akasema. "Nikiandika yenye umeniambia we, kesho kila musindikizaji ataniambia yake."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba nimezunguka kichwani nikitafuta mtu mbaya katika nyumba ile na sijampata.

Jibu lilikuja msimu uliofuata: ana uwezo wa kujitegemea. Nililipeleka mwenyewe. Riziki alikuwa anamenya mihogo. Nilipolisoma hakulia, aliendelea kumenya, ila alimenya mpaka akapita ganda, akapita nyama, akabaki na uzi wa katikati mkononi. Mama Sifa akamtuma kwa jirani ili tubaki wawili.

"Ni shamba?" akaniuliza.

Nikasema ni shamba.

Akanishika mkono. "Papa Deo, apa hapa mbele yangu. Mama Bernadette asiijue hata siku moja. Uwaambie mukini kama makuta ya mradi iliisha."

Nikaapa. Nikawaambia wanakijiji fedha za mradi zimekwisha, wakanipa pole, wakanifungia mkungu wa ndizi kwenye pikipiki.

Bado palikuwa na nafasi ya kukata rufaa, na nikaikata. Nilikuwa nakaribia kustaafu, na nikajiambia hii itakuwa ya mwisho, na hii nitashinda. Wakubwa wakakubali kutuma wapimaji wengine. Nikaenda Buleusa siku chache kabla, niweke mambo sawa. Majani yalikuwa yamerudi shambani, mazuri, marefu, nikayafurahia kama mtu anayetazama mahindi yake. Nikakaa na Mama Sifa barazani tukazungumza atakavyosema. Ndipo tukasikia nyimbo.

Walikuwa wanakuja kwa njia ya mtoni, Mama Bernadette mbele, majembe begani. Mtu alikuwa amewaambia fedha zimepatikana tena, wageni wanarudi.

Nikainuka niwazuie. Ningewaambia kila kitu, kiapo au si kiapo. Mama Sifa akanikamata suruali, maana hapo ndipo mkono wake ulipofika.

"Wache," akasema.

"Mama, wakilima umekwisha. Na mutoto amekwisha."

"Najua." Machozi yalikuwa yanamtiririka na sauti yake haikutetemeka. "Wale bageni, bakinikubali ao bakinikatala, batarudia kwabo. Hawa njo watakuwa hapa siku Riziki atashindwa kunibeba. Nikiwaambia jembe yabo iliniua, nani atarudia kwangu?"

Nimekuwa nikilitafuta jibu la swali hilo tangu siku hiyo, nikichimba viazi, nikikamua ng'ombe wangu mmoja, na sijalipata. Mama Bernadette alifika akanisalimu kwa furaha, akasema ni vizuri nimekuja, mikono ni michache leo, wengine wako msibani. Akaninyooshea jembe.

Nikalipokea. Nikavua koti nikaingia shambani kwenye mstari wao, nikang'oa kwa mikono yangu ushahidi wangu mwenyewe, jani kwa jani, na Riziki akiwa kando yangu anang'oa na yeye, anajua, hasemi. Hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini.

Wapimaji hawakufika, barabara ilifungwa, na baadaye mradi wenyewe ukafungwa. Mkipita Buleusa, shamba hilo mtaliona kushoto kabla ya kanisa, maharagwe yamesimama, halina gugu hata moja. Msiandike kitu. Ingieni ndani, ombeni maji ya kunywa, na mwanamke kijana aliyepinda mgongo ndiye atakayeinuka kuwaletea.